Mmea Unaojitafutia Mbolea: Kuotesha na Kuzalisha Drosera Ndani ya Nyumba

Mkulima anayetaka mmea wake ustawi huupa udongo wenye rutuba na kuuongezea samadi. Kanuni hiyo inafaa kwa mahindi, mchicha na migomba, lakini haifai kwa mimea yote. Ipo mimea ambayo samadi kidogo tu hutosha kuinyausha. Miongoni mwayo ni jamii ya drosera, mimea midogo ya mahali pa majimaji ambayo hunasa wadudu kwa majani yake na kufyonza virutubisho kutoka katika miili yao. Kuotesha drosera katika kopo, kando ya dirisha la darasa au la nyumba, si jambo gumu wala la gharama kubwa. Lakini humlazimu mwoteshaji kuzipindua kanuni nyingi alizozizoea shambani. Atakayeelewa sababu za kuzipindua atakuwa ameelewa pia sehemu muhimu ya elimu ya lishe ya mimea.

Lipo na jambo la pili. Shule ikitaka kuwaonyesha wanafunzi mmea unaonasa wadudu, njia ya mkato ni kwenda kinamasini na kuung'oa. Mimea iliyong'olewa aghalabu hufa baada ya majuma machache, na mwaka unaofuata hung'olewa mingine. Vinamasi vyenyewe hukaushwa mahali pengi ili kupata mashamba, na drosera haiwezi kuhamia shamba la mahindi. Kwa bahati njema jani moja tu la mmea huu laweza kuzaa mimea mingi, hata pasiwepo haja ya kung'oa kitu.

Drosera ni mmea gani?

Jina drosera limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya umande. Mwenye kuutazama mmea huu wakati wa jua kali huona majani yake yamejaa matone yanayong'aa, ingawa umande wa alfajiri umekwisha kukauka kila mahali. Zaidi ya spishi 200 za drosera zinajulikana duniani, na nyingi kati yake ziko Australia. Afrika Mashariki nayo ina zake, kama vile Drosera madagascariensis na Drosera burkeana, ambazo huota katika udongo hafifu wenye majimaji.

Kwa mwoteshaji anayeanza, spishi inayofaa kuliko zote ni Drosera capensis, ambayo asili yake ni eneo la Rasi huko Afrika Kusini. Majani yake ni membamba kama mikanda, maua yake ni ya rangi ya waridi, na mmea huvumilia makosa mengi ya mtunzaji. Hustawi katika joto la kawaida la nyumbani, na hauhitaji kipindi cha baridi kama spishi za Ulaya. Maelezo yanayofuata yanahusu spishi hiyo hasa, ila kwa sehemu kubwa yanafaa pia kwa Drosera madagascariensis.

Jinsi mtego unavyofanya kazi

Watoto wa vijijini hutega ndege kwa ulimbo, yaani utomvu wenye kunata unaopakwa juu ya kijiti. Drosera hutumia mbinu hiyo hiyo. Uso wa jani umejaa vinyweleo virefu vinavyofanana na minyiri ya pweza, na katika ncha ya kila mnyiri imo tezi. Tezi hiyo hutoa tone la ulimbo mwororo, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Mdudu mdogo akitua, hunata. Na kadiri anavyojitikisa ili ajinasue ndivyo anavyogusa matone mengine.

Kujitikisa huko ndiko kunakomponza. Minyiri huhisi mguso, na ile ya jirani huanza kupinda kumwelekea mdudu katika muda wa dakika chache. Baada ya saa kadhaa jani lenyewe la Drosera capensis huweza kukunjika na kumzingira. Mwaka 1972 wanasayansi Stephen Williams na Barbara Pickard walieleza kwamba tezi inapoguswa, ishara za umeme husafiri ndani ya mnyiri kabla haujapinda. Utafiti wa karne hii umeonyesha zaidi kwamba jani lililonasa windo huongeza homoni za aina ya jasmoneti. Homoni hizo ni zile zile ambazo mimea mingi huzitumia kujikinga inapotafunwa na wadudu. Kwa hiyo silaha ya kujihami imegeuzwa kuwa chombo cha kuwinda.

Kupinda kwa mnyiri hutokana na upande wake wa nje kukua kuliko upande wa ndani. Kwa sababu hiyo haifai kuyachezea majani kwa vidole au vijiti bila sababu: kila mchezo wa namna hiyo huugharimu mmea nguvu bila faida.

Windo likisha kushikwa, tezi hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha sehemu laini za mwili wake, nazo hufyonza mchuzi unaopatikana. Hatimaye hubaki gamba kavu tu.

Mbolea, wala si chakula

Mara nyingi husemwa kwamba mmea huu "hula" wadudu. Usemi huo waweza kumpotosha mwanafunzi. Drosera ni ya kijani. Ina klorofili, nayo hujitengenezea sukari kwa usanidimwanga kama mimea mingine. Kinachokosekana mahali inapoota ni naitrojeni, fosforasi na madini mengine, kwa maana maji yanayopita siku zote huyachukua, na udongo wenye asidi hauozeshi masalia upesi. Mdudu, basi, hashiki nafasi ya mwanga wa jua. Anashika nafasi ya gunia la mbolea.

Mtu wa kwanza kuyachunguza mambo haya kwa undani alikuwa Charles Darwin, Mwingereza aliyetoa kitabu kizima juu ya mimea inayonasa wadudu mwaka 1875. Aliona kwamba kipande cha unywele chenye uzito wa chini ya sehemu moja ya elfu ya miligramu chatosha kuufanya mnyiri upinde, ilhali matone ya maji yanayoanguka kama mvua hayaufanyi lolote. Tofauti hiyo ina maana kubwa: mmea ambao ungefunga mtego kila mvua inaponyesha ungepoteza nguvu zake bure.

Bado lilibaki swali: je, mmea unapata faida kweli? Mwanawe, Francis Darwin, alilijibu mwaka 1878. Aliigawa mimea yake makundi mawili, akalipa kundi moja vipande vidogo mno vya nyama na kulinyima jingine. Mimea iliyolishwa ilitoa mbegu zaidi ya mara mbili ya ile iliyonyimwa. Ile isiyolishwa nayo iliendelea kuishi. Hivyo wadudu si sharti la uhai, bali ni sababu ya ustawi.

Kutokana na ukweli huo zinafuata kanuni zote za kuuotesha: mwanga mwingi, maji mengi, na madini machache kabisa ardhini.

Udongo na kopo

Udongo wa bustani haufai, hata ukiwa mzuri namna gani. Mchanganyiko unaotumiwa zaidi ni sehemu moja ya mboji ya sfagnamu isiyotiwa mbolea, na sehemu moja ya mchanga wa kwatzi au chembe za perlaiti. Mboji hiyo huuzwa na wauzaji wa vifaa vya bustani. Hapana budi kusoma maandishi ya mfuko, kwa sababu baadhi huwa imechanganywa na mbolea au chokaa. Pasipopatikana mboji hiyo, chenga za makumbi ya nazi zaweza kujaribiwa, ila lazima ziloweshwe na kusuuzwa kwa maji safi mara nyingi, maana zina chumvi.

Mchanga wa pwani usitumiwe kamwe. Una chumvi ya bahari, na mara nyingi una vipande vya matumbawe na makombe ambavyo ni chokaa. Mchanga wa mto waweza kupimwa kwa urahisi katika maabara ya shule: kiasi kidogo kikidondoshewa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa na kikatoa povu, mchanga huo una chokaa, nao haufai. Usiotoa povu uoshwe mpaka maji yatoke meupe.

Kopo liwe la plastiki, lenye matundu chini, na kina cha sentimita 10 au zaidi. Vyungu vya udongo visivyopakwa rangi ya kioo havipendekezwi, kwa sababu hukusanya madini na kuyaachia polepole.

Maji

Hapa ndipo waoteshaji wengi wanaposhindwa. Maji ya bomba na ya kisima aghalabu yana madini ambayo hayamdhuru mtu, lakini hulundikana ndani ya kopo kila maji yanapokauka, mpaka mizizi inapodhurika. Kuyachemsha si dawa: kuchemsha huua vijidudu, lakini sehemu kubwa ya chumvi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke chumvi huzidi kukolea. Maji ya kunywa ya chupa nayo mengi yana madini.

Yanayofaa ni maji ya mvua, au maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliokusanywa na kupozwa. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la paa, kisha ndipo maji yakingwe katika chombo safi chenye kifuniko. Maabara yenye vyombo vya kukenekea yaweza kujitengenezea. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli hufaa ikiwa ni maji yaliyokenekwa kweli. Lakini tahadhari ni lazima, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa mahali hapo hapo, nayo huunguza ngozi na macho. Lebo isomwe na mwalimu, na chombo kisicho na lebo kisinunuliwe.

Kopo lisimamishwe ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2, ili udongo uvute maji kutoka chini. Usiachwe ukauke hata siku moja. Hata hivyo, maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu. Kwa hiyo sahani imwagwe yote, isuguliwe na kujazwa upya mara mbili kwa juma, hata kama haijakauka. Mara moja kwa mwezi maji safi ya mvua yamiminwe kutoka juu ili yaoshe madini yaliyolundikana.

Mwanga na hewa

Drosera haipendi kivuli. Dirisha linalopata jua la asubuhi kwa muda wa saa 4 au zaidi hufaa sana. Mahali pasipo na dirisha la namna hiyo, taa nyeupe za mirija au za LED zaweza kutumiwa, zikiwekwa sentimita 20 hadi 30 juu ya mmea na kuwashwa saa 14 kwa siku. Mmea unaopata mwanga wa kutosha huwa na minyiri myekundu na matone makubwa. Wenye njaa ya mwanga huwa wa kijani kibichi, majani yake hurefuka na kulegea, na matone hupungua.

Mmea uliohamishwa kutoka mahali penye unyevu ufunikwe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, nao utobolewe zaidi kila baada ya siku chache mpaka mmea uzoee hewa kavu. Mmea uliofunikwa usiwekwe juani, kwa sababu joto la ndani ya mfuko hupanda upesi na kuuivisha.

Kuulisha

Mmea uliowekwa dirishani hujinasia mbu, visubi na nzi wa matunda wenyewe. Usiponasa kitu, upewe mdudu mmoja au wawili wadogo kila baada ya majuma mawili au matatu. Mdudu asizidi theluthi moja ya urefu wa sehemu ya jani yenye minyiri. Akiwa mkubwa, jani huoza kabla ya kazi kwisha. Nyama, jibini na mabaki ya mezani yasitumiwe kama lishe ya kawaida, maana huvutia ukungu. Udongo usitiwe mbolea ya aina yoyote.

Kuzalisha kwa jani

Seli za jani la drosera zina uwezo wa kuanza upya na kujenga mmea mzima. Njia ya kuutumia uwezo huo ni rahisi.

Lichaguliwe jani lililokomaa lakini lisilozeeka, ambalo halijanasa mdudu. Likatwe karibu na shina, pamoja na kikonyo chake, kwa wembe safi. Liwekwe katika chupa safi ya kioo yenye maji ya mvua au yaliyokenekwa, lielee humo, na chupa ifunikwe. Chupa ikae mahali penye mwangaza mwingi lakini pasipo na jua la moja kwa moja. Baada ya majuma 3 hadi 8 vichipukizi vidogo huonekana juu ya jani, kila kimoja kikiwa na vijani vyenye minyiri yake midogo. Maji yakigeuka rangi au kunuka, yabadilishwe.

Vichipukizi vikifikia upana wa milimita 5 na kuanza kutoa mizizi, vitenganishwe kwa uangalifu na kupandwa juu ya udongo mbichi uliokwisha kuandaliwa, kisha vifunikwe kwa majuma mawili. Jani laweza pia kulazwa juu ya udongo huo badala ya kuelea majini, ila njia hiyo hupatwa na ukungu mara nyingi zaidi.

Kuzalisha kwa mzizi na kwa mbegu

Drosera capensis ina mizizi minene kuliko spishi nyingine nyingi. Wakati wa kubadilisha kopo, mzizi mmoja au miwili huweza kukatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, vikalazwa juu ya udongo na kufunikwa kwa tabaka jembamba sana. Machipukizi hutokeza baada ya mwezi mmoja au zaidi. Hata mmea ambao sehemu yake ya juu imekauka kwa sababu ya ukame huweza kuchipua tena kutoka mizizini, hivyo usitupwe haraka.

Mbegu ni nyingi na ni ndogo kama vumbi jeusi. Maua hufunguka moja baada ya jingine katika bua refu, na kila moja hujichavusha lenyewe. Vikasha vya mbegu vikikauka, bua likatwe na kukung'utwa juu ya karatasi nyeupe. Mbegu zinyunyizwe juu ya udongo wala zisifukiwe, kwani huhitaji mwanga ili ziote. Kopo lifunikwe kwa plastiki na kusimamishwa majini. Miche huonekana baada ya majuma 2 hadi 6, nayo hufikia ukubwa wa kutoa maua katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Maradhi na dalili

Matone yakitoweka, sababu huwa mwanga haba, hewa kavu mno, au mmea kuhamishwa karibuni. Majani mapya yakitoka yamejikunja na kudumaa, vidukari vitafutwe katikati ya shada. Dawa nyepesi ni kuzamisha kopo zima, pamoja na mmea, ndani ya maji ya mvua kwa siku moja au mbili. Vidukari hufa, na mmea hupona. Majani ya chini yakikauka huku mapya yakitokea juu, hakuna ugonjwa: ndiyo desturi ya mmea huu.

Majaribio mawili ya darasani

Mimea iliyotokana na majani ya mmea mmoja ina urithi ule ule. Hilo ni jambo la thamani kwa mchunguzi. Mimea iliyong'olewa kinamasini hutofautiana kwa umri, afya na urithi, na tofauti inayoonekana mwishoni haijulikani imetokana na nini. Mimea ya jani moja ikitunzwa sawa, ikabadilishwa jambo moja tu, tofauti itakayotokea yaweza kuhusishwa na jambo hilo.

Jaribio la kwanza linahusu hisi za mnyiri. Yachaguliwe majani manne yaliyo sawa. La kwanza lidondoshewe tone la maji safi. La pili liwekewe punje ya mchanga uliooshwa. La tatu liwekewe chembe ya ute mweupe wa yai lililochemshwa, isiyozidi kichwa cha pini. La nne liachwe. Wanafunzi waandike hali ya minyiri baada ya dakika 5, dakika 30, saa 2 na saa 24. Wajiulize: je, mmea unatambua mguso tu, au unatambua pia aina ya kitu kilichoshikwa? Ushahidi wao uko wapi? Chembe ya yai iondolewe jaribio likiisha.

Jaribio la pili linarudia swali la Francis Darwin. Itengwe mimea 12 ya jani moja, yenye ukubwa sawa. Mimea 6 ipewe nzi wa matunda wawili kila baada ya majuma mawili, na 6 isipewe kitu. Makundi yote mawili yafunikwe kwa chandarua, la sivyo mimea "inayonyimwa" itajinasia yenyewe na jaribio litaharibika. Baada ya miezi mitatu yahesabiwe majani na kupimwa upana wa kila shada, kisha wastani wa makundi hayo ulinganishwe.

Wajibu wa mwoteshaji

Mbegu au mimea kutoka nchi nyingine ziingizwe kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea. Aidha, Drosera capensis isipandwe kinamasini kwa nia njema ya kuipamba nchi. Wepesi wa kuzaa unaoifanya ifae darasani ndio unaoifanya iwe hatari nje: huko New Zealand imewekwa katika orodha ya mimea yenye kudhuru ambayo hairuhusiwi kuuzwa wala kuzalishwa. Mimea iliyozidi itolewe kwa shule jirani, na udongo wa zamani wenye mbegu uchomwe au ukaushwe kabisa kabla ya kutupwa.

Spishi za kinamasi cha karibu nazo zitembelewe, zichorwe na kupimwa mahali zilipo. Ikiwa shule imepata ruhusa ya kuziotesha, jani moja lililokatwa latosha, na mmea wenyewe utabaki umesimama majini, ukiendelea kutega.